Hati ya Talaka na Malazi ya Mtoto

Ndoa hufungwa mbele ya watu wengi na huvunjwa mbele ya wachache. Siku ya harusi hakosekani shahidi, wala walii, wala kadhi au kasisi, wala jirani wa kuhesabu mikufu ya bibi arusi. Siku ya talaka huwapo mume, mke, na pengine mzee mmoja aliyeitwa akiwa katika njia yake. Mtoto huwapo pia, lakini hahesabiwi. Husimama nyuma ya mlango akisikiliza sauti mbili alizozizoea zikisema maneno asiyoyazoea, na hapana mtu amwambiaye usiku ule atalala wapi.

Swali hilo la malazi ndilo swali kubwa la kila talaka yenye watoto, nalo ndilo liulizwalo mwisho. Magomvi ya wanaoachana huanza na karatasi: nani ameficha cheti cha ndoa, nani amekataa kwenda barazani, nani hataki kutia sahihi. Kisha huingia katika nyumba, shamba na vyombo. Mtoto hufikiwa wakati pande zote mbili zimekwisha kuchoka kusema kweli. Katika magomvi haya zimeenea rai mbili, mijini na mashambani, vinywani mwa wasomi na wasiosoma. Rai ya kwanza husema kwamba hati ni udhia mtupu, kwani talaka hutimia kwa ulimi na kwa kuondoka. Rai ya pili husema kwamba mtoto ana mwenyewe, na akitimiza miaka saba mwenyewe huyo ni baba. Rai zote mbili ni batili. Ya kwanza humnyima mtoto ulinzi wa maandishi, na ya pili humtia katika hesabu ya vyombo.

Wenye rai ya kwanza hujenga hoja yao hivi. Ndoa ni mapatano ya hiari. Hiari ikitoweka, kilichobaki ni kivuli. Mume Mwislamu aliyetamka talaka ameacha. Ukoo uliorudisha mahari umevunja. Baraza, fomu na mahakama, kwa maoni yao, ni mzigo ambao serikali imeutwika juu ya maiti iliyokwisha kuzikwa. Hoja hii haikosi chembe ya kweli, maana hapana hati iwezayo kurudisha mapenzi yaliyokwisha. Lakini kazi ya hati haikuwa kurudisha mapenzi. Kazi yake ni kuonyesha yaliyobaki baada ya mapenzi kwisha, na la kwanza katika yaliyobaki ni mtoto.

Yafaa kutazama sheria yenyewe inasema nini. Katika Tanzania Bara talaka hutawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa baada ya serikali kutoa mapendekezo yake mwaka 1969 kwamba ndoa za dini zote na mila zote zikusanywe chini ya sheria moja. Sheria hiyo inamtaka mwenye kudai talaka aupeleke ugomvi kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kupatanisha, hutoa hati ya kushindwa yenye maelezo ya lililoyaona, na madai hupelekwa mahakamani pamoja na hati hiyo, nayo isiwe imepita miezi sita tangu kutolewa. Mwislamu hakunyang'anywa talaka yake. Ndoa ikiwa ilifungwa kwa nikaha, na baraza limekwisha kutoa hati yake, kisha mmoja akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama haina budi kuona kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Sheria imetaka mambo mawili tu: suluhu itangulie, na mwisho uandikwe.

Wasemao kwamba mambo mawili hayo ni ya kigeni wamesahau yaliyomo nyumbani mwao. Kurani, katika Sura ya Wanawake, imeagiza atafutwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke kabla mfarakano haujawa mwisho. Na katika Sura ya Talaka imeagiza washuhudie watu wawili waadilifu. Katika makabila mengi ya bara mahari hayakurudishwa gizani, bali mbele ya wazee wa pande mbili ambao kumbukumbu zao zilikuwa ndiyo daftari. Wazee hao wamekufa au wametawanyika. Mume aliyeoa Songea huishi Mwanza, na mashahidi wake hawajui mtaa anaokaa. Karatasi imeshika mahali pa kumbukumbu ya wazee, wala haikuja kuitukana.

Na yaliyoachwa bila kuandikwa humwangukia nani? Chukua mfano wa mume aliyetamka talaka sebuleni, na mke aliyefunga nguo zake akarudi kwa mamaye pamoja na mtoto wa miaka mitano. Hapakuwa na baraza, hati wala amri. Mwezi wa tatu baba anakwenda shuleni, anamchukua mtoto saa ya kutoka, anampeleka kwa bibi yake mkoa wa pili. Mama akilia polisi huulizwa amri gani iliyovunjwa, naye hana ya kuonyesha. Mwezi wa sita mama anamvizia mtoto huyo huyo kisimani na kumrudisha. Baba akilia, huulizwa swali lile lile. Tena kila mmoja amebaki na nusu ya karatasi za mtoto: mama ana kadi ya kliniki, baba ana cheti cha kuzaliwa. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza nusu mbili hizo hazikutani, maana wenye nazo hawasemezani. Mtoto amehamishwa mara mbili katika mwaka mmoja, wala hapana aliyevunja neno, kwa kuwa hapakuwa na neno lililoandikwa.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mchuuzi wa karafuu hamkopeshi ndugu yake gunia moja bila kuandika jina, siku na kiasi, wala ndugu haoni kwamba ametukanwa. Ni ajabu kubwa kwamba mtu huyo huyo, atakapoachana na mkewe, huona ni aibu kuandika mwanawe atalala wapi.

Lakini hati mbovu nayo ni hatari, na hapa lawama huwaangukia pia wale wanaojidai kuifuata sheria. Kuna mwenye kudai talaka anayeipata hati ya baraza akaifungia sandukuni hata miezi sita ikapita, kisha akaenda nayo mahakamani kama mtu apelekaye samaki wa juzi sokoni. Kuna baraza linaloandika mstari mmoja kwamba wawili hawa wameshindwana, bila kueleza walisikilizwa lini na walisema nini. Na kuna mkaidi anayeitwa barazani asije, akiamini kwamba pasipo uso wake hapana hati, na pasipo hati hapana talaka. Mkaidi huyu amejidanganya: sheria imekwisha kusema kwamba anayeacha kwa makusudi kuhudhuria baraza hawezi kumfungia mwenziwe njia ya mahakama. Ufunguo anaoushika haufungui wala haufungi.

Makosa ya namna hii si madogo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kufuta mashauri ya talaka tangu mwanzo wake kwa sababu usuluhishi haukufanyika kama sheria itakavyo au hati ya baraza haikuwa halali. Shauri likifutwa, halianguki peke yake. Huanguka pamoja na amri ya mgawo wa mali, na pamoja na amri ya malezi ya watoto. Mtoto aliyekwisha kuzoea njia ya shule na jina la mwalimu wake hurudishwa katika hali ya kutokuwa na amri, kwa kosa la tarehe katika karatasi ambayo hakuiona. Mzazi aliyeshinda kwa hati mbovu amejenga nyumba juu ya mchanga, na aliyelazwa ndani yake ni mtoto. Basi anayeidharau hati na anayeiandika ovyo ni ndugu wawili; wanatofautiana kwa maneno tu.

Rai ya pili ina wafuasi wengi zaidi, na madhara yake ni makubwa zaidi. Hiyo ndiyo rai ya miaka saba. Imekuwa kama king'ora cha bandarini: kikilia, mtoto apakiwe. Akina baba huingoja siku hiyo kwa kuhesabu, na akina mama huihofia kwa kuhesabu. Wengine hupunguza umri wa mtoto, wengine huuongeza. Wapo hata wazee wa mabaraza wanaoitamka kana kwamba ni kifungu cha sheria.

Kifungu hicho hakipo. Sheria ya mwaka 1971 imeweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni kheri kwake kukaa na mama yake, nayo ni dhana inayokubali kukanushwa kwa ushahidi. Hapo hapo imemwonya hakimu azingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Haikusema popote kwamba mtoto akitimiza saba amekuwa wa baba. Baada ya saba dhana huondoka, wala hapana dhana ya pili inayokuja kukaa mahali pake. Hubaki lile lililokuwa juu ya yote tangu mwanzo, yaani ustawi wa mtoto. Chini ya ustawi huo hakimu atatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto akiwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na desturi za jamii yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza kwamba ni vema ndugu wasitenganishwe, na kwamba malezi yasikatizwe ovyo. Sheria zilizoonya mara mbili dhidi ya kumhamisha mtoto haziwezi kuwa ndizo zilizoweka siku ya kumhamisha.

Kosa hili limetoka wapi? Wengine wataja dini. Lakini madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani, humpa mama haki ya kulea hata mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao hukadiriwa kuwa miaka saba. Na hapo mtoto mwenyewe huchagua kukaa na baba au na mama. Saba ya Shafii ni umri wa kuulizwa. Saba ya mtaani imekuwa umri wa kuchukuliwa. Anayeitaja dini kuwa shahidi wake na aulete ushahidi wote, na ndani yake ataikuta aya ya 233 ya Sura ya Ng'ombe, inayokataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe na baba kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe.

Wengine wataja mila, nao husema kwamba mila ya Mwafrika ni mtoto kuwa wa baba. Hiyo ni nusu ya Afrika. Kwa Waluguru, Wamwera na Wamakonde, mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa kuliko baba. Hata kule ambako mahari yalimtia mtoto katika ukoo wa baba, mahari hayo yalihusu jina, urithi na matambiko. Mtoto aliweza kuwa wa baba kwa nasaba na bado akalelewa kwa bibi mzaa mama hata akaota ndevu, wala ukoo haukuona kwamba umeibiwa. Nasaba haipungui kwa kulala nyumba nyingine. Anayechanganya nasaba na malazi hujifanya mlinzi wa mila huku akiipunguza mila yenyewe.

Haki haiwi haki ikiwa ina jicho moja. Yako makosa ya akina mama pia, nayo hayafunikwi kwa machozi. Yupo mama aliyepewa malezi kwa amri ya mahakama, naye kila ifikapo siku ya baba kumwona mtoto, mtoto huyo huumwa tumbo. Yupo anayetuma salamu kwamba bila ada hapana mtoto. Na upande wa pili yupo baba anayejibu kwamba bila mtoto hapana ada. Wawili hawa wanafanya biashara moja, wakigombea bei. Sheria haiijui biashara hiyo. Wajibu wa baba kumlisha, kumvika na kumsomesha mwanawe upo, mtoto akae kwake au akae kwa mwingine. Na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye imetajwa katika Sheria ya Mtoto kuwa ni haki ya mtoto mwenyewe, mradi isiharibu masomo yake. Ada si nauli ya kumwona mtoto, na kumwona mtoto si malipo ya ada.

Kadhalika kuna anayemshika mtoto ili aipate nyumba. Huyo husema moyoni kwamba akimwachia mtoto atatolewa mikono mitupu. Hofu yake ilikuwa na msingi zamani, wakati kazi ya mke nyumbani haikuhesabiwa kuwa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Tangu hapo madai ya mali yana mlango wake. Mwenye kudai nyumba na aidai nyumba kwa mlango huo; asimtume mtoto kuwa rehani.

Wako pia wapenda usawa, ambao hugawa watoto kama wagawavyo sahani: wa kiume kwa baba, wa kike kwa mama. Mgawo huo hupendeza kwa hesabu na huumiza kwa maisha. Watoto waliokwisha kupoteza nyumba moja hubakiwa na ndugu zao tu, nao huwapoteza siku ile ile. Ni kweli kwamba mahakama hailazimiki kuwaweka wote kwa mzazi mmoja, maana huenda pakawa na sababu; lakini usawa wa wazazi peke yake si sababu ya kuwatenga ndugu.

Na mtoto na aulizwe. Lakini kumuuliza mbele ya baba na mama ni kumtesa, maana kila jibu litamfanya msaliti. Aliyefundishwa jibu njiani kwenda mahakamani hakuulizwa, alitumwa. Hakimu ana njia ya kumsikia faraghani, na ana njia ya kumtaka afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya kila nyumba na kuleta taarifa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakimu hakulala katika kitanda hata kimoja kati ya viwili vinavyogombewa. Aliyelala ni mtoto.

Yatasemwa kwamba mambo haya ni rahisi kuyaandika katika jarida na magumu kuyatenda katika kata; kwamba maskini hana nauli ya kwenda na kurudi mahakamani, na wazee wa baraza hawakusomea sheria. Hayo ni kweli. Lakini dawa ya kisima kilicho mbali ni kukichimba karibu, wala si kuwaambia watu waache maji. Sheria inaliruhusu baraza kuongeza mapendekezo yake katika hati ya kushindwa. Ruhusa hiyo inatosha kwa kuanzia. Kabla wazee hawajaandika kwamba suluhu imeshindikana, na waulize na kuandika mambo manne: mtoto atalala wapi siku za shule, nani atampeleka shule na hospitali, atamwona mzazi wa pili siku gani na mahali gani, na cheti chake cha kuzaliwa kitakaa kwa nani, na nakala kwa nani. Mzee asiyejua kifungu kimoja cha sheria aweza kuuliza manne haya. Mke na mume wasioweza kusemezana juu ya mapenzi aghalabu huweza kusemezana juu ya siku za shule. Na hali ikibadilika, amri ya malezi hubadilishwa na mahakama. Si jiwe la kaburi. Kinachokatazwa ni kuibadilisha kwa kuvizia kisimani.

Liko deni jingine, nalo ni la wasomi. Kwa miaka hamsini Sheria ya Ndoa ilisomwa na kuhukumiwa zaidi kwa Kiingereza, na watu iliyowahusu waliipata kwa uvumi. Ndani ya uvumi dhana ya kumlinda mtoto mdogo iligeuka kuwa siku ya kumchukua mtoto mkubwa. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tendo hilo halitamfaa mama wa Newala wala baba wa Kahama mpaka atokee wa kusema kwa Kiswahili chepesi kwamba saba si zamu ya mtu. Mwanafunzi wa sheria anayejua majina ya mashauri ishirini, na hawezi kumweleza shangazi yake jambo hilo moja, elimu yake bado haijatoka chuoni.

Mume aliyeacha aweza kuoa, na mke aliyeachwa aweza kuolewa. Kila mmoja atafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Mtoto hana wazazi wa pili wa kwenda kuwatafuta. Atabaki na hao hao wawili, katika nyumba mbili, na njia kati ya nyumba hizo ndiyo nchi yake. Hati iliyokwisha kutaja nyumba, shamba na vyombo, na haikusema mtoto atalala wapi, ina muhuri na sahihi, lakini haijakwisha kuandikwa.